Jinsi ya Kuwakutanisha Mkosaji na Mkosewa Bila Kumuumiza Mtu Mara ya Pili: Mwongozo Kamili

Wanaonijia wakisema maridhiano yamewashinda huwa na kisa kimoja chenye sura nyingi. Pande mbili ziliketishwa chini ya mwembe, wazee wakatoa nasaha, kijana akasema samahani, pesa zikatajwa, watu wakapeana mikono na kunywa soda. Wiki mbili baadaye mama anazunguka njia ya mbali ili asipite kwa akina kijana, kijana hajalipa hata shilingi, na kesi ingali kortini kwa kuwa hakuna aliyemwambia hakimu lolote.

Ukichunguza, kikao chenyewe hakikuwa kibaya. Kilichoharibika kiliharibika mapema: watu walikutanishwa kabla ya kutayarishwa, na pesa zikazungumzwa kabla ya ukweli. Ndiyo maana katika mwongozo huu hatua za kabla ya kikao ni nyingi kuliko kikao. Ukizifupisha hizo, usifanye kikao kabisa.

Sheria ninazozitaja ni za Kenya, maana ndiko ninakofanyia kazi hii, huku Pwani. Aliyeko Tanzania au Uganda atafuata hatua za kuwatayarisha watu kama zilivyo, ila hatua ya 1 na ya 8 azipitie na mtu anayeijua sheria ya kwao.

## Mfano tutakaotembea nao

Mama mmoja anauza mahamri na viazi vya karai kando ya stendi ya matatu. Kijana wa bodaboda alizoea kuegesha pikipiki mbele ya meza yake. Siku moja wakajibizana, kijana akaipindua meza. Mafuta ya moto yakamchoma mama mkono wa kushoto, kutoka kiwiko hadi karibu na kifundo. Kijana alishtakiwa kwa kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, na kwa kuharibu mali makusudi. Nimebadilisha mambo kadhaa ili wenyewe wasitambulike.

## Vitu na watu wa kuandaa kabla ya kuanza

- Nambari ya OB (daftari la matukio la polisi), nakala ya P3 kama kuna jeraha (fomu ya polisi ambayo daktari huandika majeraha), na nambari ya kesi kama imeshafika kortini.
- Risiti na picha: matibabu, vitu vilivyoharibika. Kisichokuwa na risiti, andika bei yake ya sokoni na duka ulikoiuliza.
- Waendeshaji wawili wa kikao, ikiwezekana mwanamke na mwanamume. Asiwepo mwenye undugu, deni wala siasa na upande wowote.
- Msindikizaji mmoja au wawili kwa kila upande. Wakizidi hapo wanakuwa umati.
- Mkalimani, iwapo mmoja anaumia kwa Kigiriama au Kipokomo na wewe unaendesha kwa Kiswahili. Mtu hulia kwa lugha ya mama yake.
- Vyumba viwili visivyo vya upande wowote. Si nyumbani kwa mtu, si kituo cha polisi, si barazani kwa chifu.
- Viti vya aina moja, maji ya kunywa, daftari, kalamu na saa tatu nzima ambazo hakuna anayekimbilia kwingine.

Kuhusu viti nasisitiza. Nimewahi kuona mkosewa amewekewa kigoda na jamaa za mkosaji wamekalia sofa. Mama yule hakusema neno hata moja, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

## Hatua ya 1: Pima kama jambo hili linafaa

Anza na mashtaka yalivyoandikwa, usianze na simulizi za mtaani. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza maridhiano katika makosa ya kushambulia kwa kawaida na makosa mengine ya kibinafsi ambayo hayafikii kiwango cha felonia, yaani kosa kubwa, wala hayakuzidishwa uzito. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 nayo inazitaka mahakama ziendeleze usuluhishi na njia za jadi, mradi zisivunje haki za mtu.

Makosa yote mawili ya kijana wetu, kifungu cha 251 na cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, yamo upande wa makosa madogo, ingawa kila moja linaweza kumpeleka mtu jela miaka mitano. Wizi wa kawaida, kifungu cha 275, adhabu yake ni miaka mitatu tu, lakini sheria inauita felonia. Hapa ndipo wengi huteleza: wanaona kuku wameibwa, wanadhani ni jambo dogo la kumalizia nyumbani.

Onyo la kwanza. Kifungu cha 118 cha Kanuni hiyohiyo ya Adhabu kinasema anayepokea mali au manufaa yoyote ili aifiche felonia, au aache kuishtaki, naye ametenda kosa. Yaani aliyeibiwa anaweza kugeuka mshtakiwa kwa pesa alizopewa "yaishe". Kesi ya aina hiyo ikiwa inafaa kupatanishwa, ipitie mlango wa wazi: kwa afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, au mbele ya hakimu.

Onyo la pili. Ubakaji, unajisi wa mtoto, na kosa lolote la kingono: usiguse. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, uamuzi wa kusitisha kesi hauko kwa wazazi, wazee wala chifu. Huku kwetu mtoto aliyeumizwa hivyo amewahi kuuzwa mara ya pili, kwa fidia ya mbuzi, na waliomuuza wakaondoka wakisema wameleta amani. Ukiitwa kwenye kikao cha namna hiyo, piga simu 116 kwa mambo ya watoto, au 1195 kwa ukatili wa kijinsia.

Kipigo cha ndani ya ndoa nacho mimi sikipokei. Mwanamke atakayerudi kulala nyumba moja na aliyempiga hawezi kusema la moyoni mbele yake, hata umpe kiti kizuri namna gani.

Onyo la tatu, na hili huwaponza watu wema. Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana mara nyingi amekatazwa kuwasogelea mashahidi. Mama yake akienda kwa mkosewa na kilo mbili za sukari kuomba msamaha, mahakama inaweza kusema mashahidi wanavurugwa, dhamana ikafutwa. Mwambie kiongozi wa mashtaka na mahakama kwanza. Anayebisha hodi uwe wewe, si wao.

Mkosaji akiwa mtoto, usiendelee bila mzazi na afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawajibiki kijinai kabisa.

*Utajua umefaulu hatua hii ukiwa na majibu matatu yaliyoandikwa: kosa linaitwaje, nani ameruhusu muanze, na mkosaji anakubali kwamba alitenda.* Akikana, funga daftari. Kumpata mwenye kosa ni kazi ya mahakama, na mshukiwa ana haki ya kunyamaza ambayo huwezi kumpokonya kwa maneno matamu.

## Hatua ya 2: Anza kwa mkosewa, na uende mara mbili

Kwa nini yeye kwanza? Kwa sababu ukianza kwa mkosaji, utafika kwa mkosewa umebeba ombi la mtu mwingine. Tayari umekuwa mjumbe wa upande.

Mara ya kwanza nenda kusikiliza tu. Usitaje kikao, usitaje msamaha, usitaje pesa. Uliza: "Siku ile ilikuwaje?" kisha nyamaza. Kwa mama wetu nilikaa karibu saa mbili. Alizungumzia bei ya unga, akazungumzia mkono, akanionyesha ngozi mpya ya waridi iliyokuwa inavutika kila akikunja kiwiko. Nilipokuwa nimeshasimama kuaga, ndipo akaniambia kwamba mjukuu wake wa miaka 4 alikuwa amelala kwenye kanga chini ya meza ile.

"Nataka kumuuliza kitu kimoja. Alijua mtoto yuko pale?"

Hilo halikuwemo kwenye taarifa ya polisi. Wazee waliokwisha kukaa na pande zote mara mbili hawakulisikia. Walikuwa wanabishana juu ya elfu kumi.

Kila mkosewa ana swali la namna hiyo. Kwa nini mimi? Ulikuwa ukinifuatilia tangu lini? Ile pete uliiuzia wapi? Kazi yako ya hatua hii ni kulipata swali hilo, kuliandika kwa maneno yake mwenyewe, na kutolipamba.

Mara ya pili, baada ya siku tatu nne, mweleze njia hii ni nini na si nini. Mwambie wazi:

- Anaweza kukataa, na kesi itaendelea kama kawaida.
- Anaweza kujitoa saa yoyote, hata katikati ya kikao. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 kinamlinda katika hilo.
- Si lazima asamehe. Anaweza kupokea fidia na majibu, asitamke neno "nimekusamehe".
- Kukubali kukutana hakumwondolei haki ya kudai fidia kwa kesi ya madai.

Jambo la tatu lirudie. Huku kwetu mtu asiyesamehe huonekana ana roho mbaya, hasa akiwa mwanamke, hasa akiwa maskini. Utasikia: "Mama, samehe, Mungu anaona." Anayesema hivyo nia yake huenda ni njema, lakini anamtwisha mzigo aliyekwisha kuumizwa. Huyo usimchukue kuwa msindikizaji.

*Umefaulu ukiona mkosewa anakuuliza maswali ya utaratibu: nitakaa wapi, nani atatangulia kusema, naweza kuja na dada yangu.* Ukiona anasema tu "vile mtakavyoamua nyinyi", bado. Rudi.

## Hatua ya 3: Nenda kwa mkosaji

Hapa unatafuta kitu kimoja: je, anaweza kukisema alichokifanya kwa kinywa chake, mwanzo hadi mwisho?

Mkute peke yake kwanza. Mbele ya baba yake atakuwa mdogo, mbele ya marafiki atakuwa shujaa; kote kuwili hutampata. Kabla hajaanza kusema, mtahadharishe kwamba wewe si wakili wake, na kama anaye wakili, azungumze naye kwanza. Usialike polisi kwenye mazungumzo haya.

Kisha mwombe asimulie polepole. Akifika pagumu ataruka. Mrudishe: "Ulisema ulishuka kwenye pikipiki. Halafu mikono yako ikafanya nini?"

Muulize pia nani mwingine aliumia kwa kitendo chake. Kijana wetu alijibu "yule mama tu." Sikumtajia mjukuu, kwa kuwa swali lile lilikuwa la mama. Nilimwachia siku tano alifikirie.

Muulize kuhusu uwezo wake: anabakiwa na kiasi gani kwa siku baada ya mafuta na baada ya kumpa mwenye pikipiki, anawalisha wangapi, ana madeni gani. Mtu wa ahadi kubwa siku ya kikao ndiye anayezima simu mwezi wa pili.

## Hatua ya 4: Fanyia kazi maneno ya radhi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Watu hudhani kuomba radhi ni neno moja, samahani. Samahani tunaitumia tukimkanyaga mtu ndani ya matatu.

Msikilize mkosaji vitenzi vyake. Kiswahili kina mlango mpana wa kutorokea. Sikiliza:

- "Meza ilipinduka." Kumbe nani aliipindua?
- "Mafuta yalimwagika."
- "Mama akaungua."

Vitenzi hivyo vyote ni sahihi kwa sarufi, na ndani yake hamna mtu. Meza imejipindua, mafuta yamejimwaga, mama kajiungulia. Mkosewa anaposikiliza kauli hizo moyo wake hufunga, hata kama hawezi kueleza kwa nini. Mwombe mkosaji azigeuze: *niliipindua meza, nilimwaga mafuta, nilimchoma mama.* Usimwandikie. Mwache atafute mwenyewe, akwame, aanze tena. Kijana wetu alichukua muda mrefu kufika kwenye "nilimchoma". Alipolitamka aliinamisha kichwa na hatukuendelea siku ile.

Maneno mengine ya kuyaondoa:

- "Kama nimekukosea." Hakuna "kama". Kosa limeshakubaliwa.
- "Shetani alinipitia." Anayeamini hivyo amweleze Mola wake katika sala. Kwa mkosewa hilo ni kumleta mtu wa tatu aje abebe lawama.
- "Lakini naye alinitukana." Huenda ni kweli, na patakuwa na nafasi ya kulisema. Nafasi hiyo haimo ndani ya radhi.
- "Naomba yaishe." Hilo ni ombi la mkosaji kwa faida yake mwenyewe.

Kinachobaki ni kifupi: nilifanya hiki, najua kimekuletea hiki na hiki, sikuwa na haki ya kukifanya, niko tayari kutengeneza kwa namna hii, niwie radhi. Akiweza kuyasema hayo akiwa anakutazama, yuko tayari.

Onyo. Usimkaririshe hadi aimbe kama shairi la shule. Radhi iliyokaririwa hujulikana kwa mwendo wake. Afadhali igugumize.

## Hatua ya 5: Rudi kwa mkosewa na mambo matatu

Mpelekee taarifa, usimpelekee shinikizo. Mwambie mkosaji amekubali kutenda, mwambie yuko tayari kujibu maswali, mwulize kama bado anataka kukutana uso kwa uso. Wengine hawataki, na hilo si kushindwa. Waweza kuwapelekea majibu kwa barua, au kwa sauti iliyorekodiwa kwa idhini, au mkosaji akawakilishwa na jamaa yake aliyekubalika.

Akitaka kukutana, amueni pamoja:

1. Nani aingie chumbani kwanza. Wengi hupendelea kuwa wameshakaa mkosaji anapoingia. Wachache hutaka kuingia wao wakimkuta amekaa.
2. Nani aanze kusema.
3. Ishara ya kusimamisha kikao. Mama wetu alichagua kuigeuza bilauri yake ya maji.

Hapo ndipo pia mnapiga hesabu ya hasara, kitu kwa kitu. Yake ilikuwa hivi: karai 2,200, mafuta lita tano 1,600, unga na sukari 900, meza 2,500, matibabu 3,300, na siku 14 bila biashara kwa shilingi 500 kwa siku, 7,000. Jumla 17,500.

Hesabu ya namna hii inaokoa kikao. Anayesema "nataka elfu hamsini" na anayesema "nina elfu tano" wataishia kwenye soko la samaki. Karatasi yenye bei ya karai haibishaniwi sana.

## Hatua ya 6: Siku ya kikao

Fika mapema. Panga viti kwa duara isiyokamilika, pande mbili zisikabiliane goti kwa goti, na kiti cha mkosewa kiwe karibu na mlango. Aliyeumizwa anahitaji kuona pa kutokea.

Wageni wasikutane njiani. Mmoja aje saa tatu, mwingine saa tatu na nusu, kila mmoja kwenye chumba chake. Kama watu ni wa dua, omba dua inayowakusanya wote. Msikiti na kanisa visigombane hapo.

Kisha fuata mtiririko huu:

Ufunguzi, dakika kumi. Taja majina na nafasi ya kila mtu. Soma kanuni: hakuna kukatana kauli, hakuna matusi, simu zimezimwa, yasemwayo humu hayatoki. Wasindikizaji husema wanapopewa nafasi.

Anayeanza asimulie. Mama wetu alitaka kijana aanze. Alitaka amsikie kabla ya kujua ampe nini. Kijana alisimulia, akafika kwenye "nilikuchoma", akaendelea.

Mkosewa aseme na aulize. Usiharakishe. Kimya kikija, kiache. Waendeshaji wapya huogopa kimya na kukijaza kwa methali. Ziache methali zako nyumbani siku hiyo.

Mama aliuliza swali lake. Kijana alinyamaza muda mrefu, akasema hapana, hakujua, aliona kanga akadhani ni nguo za kufungia mahamri. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, mtoto aliungua wapi. Mama akasema hakuungua, mafuta yalipita upande wa pili. Akaigeuza bilauri.

Tulitoka nusu saa. Aliporudi mama alizungumza kwa urahisi kwa mara ya kwanza.

Wasindikizaji. Dakika tano kila mmoja, waeleze walivyoguswa wao. Mzee akianza hukumu, mkatishe kwa heshima: "Mzee wetu, hilo tunalipokea, sasa tunaomba utuambie wewe jambo hili liliiumizaje nyumba yako."

Fidia ndiyo ya mwisho. Pesa zikiingia kabla ya hapo, ukweli husimama. Hapa mkosaji pia anaweza kuleta anachoweza kufanya kwa mikono. Kijana wetu ana mjomba fundi seremala. Alijitolea kuitengeneza meza mwenyewe. Mama alikubali kwa sharti kwamba iwe na ubao wa kuzuia upande wa barabara. Kwa hiyo 2,500 za meza zikatoka kwenye hesabu, zikabaki 15,000.

Dalili za kusimamisha kikao: mkosewa anaanza kuomba msamaha yeye, mkosaji anacheka au anatazama dari, mtu amelewa, jamaa wanahesabu watu wa upande wa pili. Ahirisha bila aibu.

*Umefaulu ukisikia watu wakitumia "wewe" mahali walipokuwa wakisema "yule". Machozi si kipimo, wala kukumbatiana.* Usimwambie mtu apeane mkono na mwenziwe. Wakitaka watapeana.

## Hatua ya 7: Andika makubaliano yanayotekelezeka

Andika palepale, kwa Kiswahili cha kueleweka, na usome kwa sauti. Kila ahadi iwe na mtu, kitu, kiasi na tarehe. Yetu ilisomeka hivi, kwa ufupi:

- Atalipa 3,000 siku ya kutia saini, kisha 2,000 kila tarehe 5 kwa miezi sita.
- Atalipa kwa M-Pesa moja kwa moja kwa nambari ya mama. Ujumbe wa simu ndio risiti.
- Ataleta meza kabla ya wiki tatu kwisha.
- Hataegesha pikipiki ndani ya hatua ishirini kutoka kwenye meza.
- Wakikutana stendi watasalimiana kwa salamu ya kawaida. Hakuna kuzungumzia kesi.
- Akikosa malipo mawili mfululizo, mwendeshaji atawaarifu mahakama.

Pesa zisipitie kwako, kwa chifu, wala kwa mwenyekiti wa nyumba kumi. Hata ukiwa mwaminifu kama malaika, siku moja zitachelewa, na jina lako litaingia kwenye kesi.

Usiandike "watapendana", "watakuwa kama ndugu", "hatarudia tena". Hayo hayapimiki. Usiandike pia sharti la kumdhalilisha mtu, kama kupiga magoti sokoni au kubeba bango. Wazee wengine hulipenda hilo. Linazaa chuki, na mahakama haitalipokea.

Wote watie saini, na asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa kwa lugha anayoisikia vizuri. Nakala nne: pande mbili, mahakama, na jalada lako.

## Hatua ya 8: Ipeleke mahakamani

Kesi ya jinai ni ya Jamhuri. Mkosewa ni shahidi mkuu, si mwenye kesi, kwa hiyo hawezi kuifuta kwa kutokwenda. Akikaa nyumbani, anaweza kutolewa hati ya kukamatwa yeye.

Mpe kiongozi wa mashtaka nakala kabla ya tarehe ya kesi. Siku yenyewe pande zote mbili zifike. Hakimu atamwuliza mkosewa kama amekubali kwa hiari, na atamtazama usoni akijibu. Anaweza kuomba ripoti ya afisa wa probesheni. Anaweza pia kukataa, na akikataa, makubaliano bado yanaweza kusaidia wakati wa kupima adhabu.

Hapa pana uamuzi ambao watu wengi huufanya bila kujua. Chini ya kifungu cha 176 mahakama inaweza kuisitisha kesi au kuimaliza. Chini ya kifungu cha 204 cha sheria hiyohiyo ya Mwenendo wa Kesi za Jinai mlalamishi anaomba kuondoa lalamiko, na mahakama ikikubali, mshtakiwa huachiliwa kabisa kama asiye na hatia. Ukiondoa leo, yeye akaacha kulipa kesho kutwa, mlango wa jinai umefungwa na kilichobaki ni kesi ya madai ambayo mama wa mahamri hana nauli yake.

Ushauri wangu: malipo yakiwa ya miezi kadhaa, ombeni kesi isimame na ipangiwe tarehe ya kutajwa, kisha imalizwe malipo yakikamilika. Malipo yakiwa yameshakamilika yote, hapo kuondoa hakuna tatizo.

*Umefaulu ukiwa na amri ya mahakama mkononi, si neno la karani kwamba "imeisha hiyo".*

## Hatua ya 9: Fuatilia hadi mwisho

Panga ziara tatu: baada ya wiki mbili, miezi mitatu, na siku ya malipo ya mwisho. Kila ziara, pande zote mbili, tofauti. Mwulize mkosewa kama analala, kama anapita njia zake za zamani. Mwulize mkosaji kama kuna anayemcheka au kumchokoza kwa kulipa. Shinikizo la wenzake stendini linaweza kuvunja makubaliano mazuri kabisa.

Malipo yakichelewa, piga simu siku ya pili, usingoje mwezi. Kijana wetu alikosa mwezi wa nne, pikipiki ilikuwa gereji. Nilimwomba amwandikie mama mwenyewe kabla mimi sijasema kitu. Aliandika, mama akampa wiki mbili, akalipa siku ya kumi na moja.

Siku ya malipo ya mwisho nilikwenda na jalada. Tulilinganisha jumbe za M-Pesa na karatasi, mstari kwa mstari, mama akitia alama kwa kalamu yake. Meza ilikuwa pale na ubao wake upande wa barabara, na mtoto alikuwa ameuegemea anakula hamri. Niliandika tarehe, nikawarudishia risiti zao, nikawakumbusha wote tarehe ya kutajwa kesi: Jumanne, saa tatu asubuhi, waje na vitambulisho.